Mtu wa Kusimama Penye Swichi

Mkunazini, Mji Mkongwe
21 Aprili 2024

Baba Amne,

Assalaam alaykum. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Tukipigiana, mimi nasema hatujambo, wewe unasema hatujambo, kisha tunasikilizana tunavyopumua mpaka mmoja wetu anasema haya, kwaheri. Nimeona bora nikae na kalamu. Jecha, yule anayepeleka mboga kwenye mahoteli ya huko Paje, kakubali kuichukua barua na kuniletea jibu lako.

Nyumba ina jambo. Tangu masika yashike, ukuta wa ukumbini hauguswi. Nikiuegemeza mkono nikiwa peku, nahisi kama siafu wanapita chini ya ngozi. Jana swichi kuu ilijizima yenyewe, nikaiwasha, ikajizima tena, nami ndiyo kwanza nnaanza kupiga pasi. Nyaya hizi unazijua kuliko mimi, zile za ganda la raba na kitambaa, tangu nyumba ilipokuwa ya babu yako.

Najua kazi ya hoteli imekubana. Basi nitumie fundi wako mmoja, Muslim au Kificho, kwa siku moja tu aje atazame. Wasichana wanaojifunza kushona wananijazia ukumbi kila asubuhi, Khairat na wenzake, na kelele zao unazijua. Naogopa mmoja wao asije akauegemea ukuta.

Amne kapiga simu kutoka Maskati. Hajambo. Anasema mumewe anataka viyoyozi usiku na mchana, na yeye anajifunika blanketi ndani ya joto lile.

Mkeo,
Ulfat


Paje
24 Aprili 2024

Mama Amne,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya ukuta. Usiuguse kabisa. Waambie wasichana wavae viatu na wakae upande wa dirishani. Hao unaowaita siafu ni umeme unaovuja. Mahali fulani ganda la waya limechoka, na chokaa iliyoloa mvua inaubeba umeme mpaka mkononi mwako.

Muslim siwezi kumwachia sasa, tunavuta nyaya za vyumba vya juu. Kificho ana kikohozi. Vyumba ni arubaini na mwenyewe anataka vyote viwake kabla ya msimu wa wageni. Hapa pana zogo la watu, huwezi hata kujinyoosha mchana.

Tafuta fundi Ng'ambo. Lakini kabla hajafungua mkoba wake mwambie hivi. Chombo cha kupimia ganda la waya kina kitasa cha kuchagulia nguvu: volti mia mbili na hamsini, mia tano, na elfu moja. Aanzie mia mbili na hamsini. Raba ya umri ule ukiikabili na elfu pale pale, unaweza kuitoboa mahali ambapo ingeishi miaka mingine. Akiona salama, ndipo apande mia tano, ndiyo inayofaa nyaya za nyumba. Na asipime mpaka kila kilichochomekwa kimechomolewa.

Hali yangu njema. Wenzangu wanakusalimia.

Haroub


Mkunazini
30 Aprili 2024

Baba Amne,

Fundi nilimpata, jina lake Msabah, ana duka la vifaa vya umeme karibu na soko. Alikuja na ngazi nzuri na maneno mengi. Nikamwambia, "Bwana Msabah, mume wangu ni fundi, kasema uanzie mia mbili na hamsini."

Akacheka. "Bi Ulfat, mimi sipimi kwa kubembeleza. Waya ukistahimili elfu, basi umestahimili vyote."

"Na friji? Hujaichomoa."

"Haina neno mama, dakika moja tu."

Friji ilitoa sauti kama mtu anayefyonya, ikanyamaza, na mpaka leo imenyamaza. Yule bwana aliifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, kama taa ya ndani itamwonea huruma. Kisha akakaa kwenye ngazi zetu na kofia mkononi. Sikumgombeza. Uso wake ulikuwa ushamgombeza. Kaahidi kuleta friji nyingine, lakini nimemwambia kupima basi.

Ukuta uko vile vile. Nyama yote iliyokuwemo ndani nimeikaanga isiharibike, nimempa Jecha akuletee pamoja na mkate wa kumimina, ule na wenzako. Kama haitoshi nijulishe, sijui mko wangapi.

Sasa nifundishe mimi. Najua kipimo chako kidogo kiko chini ya kabati, kwenye mkoba wa kijani. Cherehani nilijifunza kwa kuifungua na kuifunga, wala hakunifundisha mtu. Sitaki tena mgeni aingie humu kunionesha ujuzi wake.

Ulfat


Paje
4 Mei 2024

Mama Amne,

Nilikaa siku mbili na barua yako nikitafuta namna ya kukukatalia, sikuipata. Basi soma haya yote mwanzo mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu, na uyafanye mchana, pasipo mvua.

Vaa viatu vya raba. Chomoa kila kitu, hata chaja ya simu. Toa globu zote. Zima swichi kuu. Kisha chukua ile bisibisi yenye taa ndani, kwanza ijaribu mahali unapojua pana umeme ili ujue inafanya kazi, ndipo uguse nyaya za kwenye bodi chini ya swichi. Taa ikiwaka, acha, toka, niandikie.

Isipowaka, fungua nyaya za chumba kimoja kimoja kutoka kwenye bodi. Waya mwekundu wa kipimo ushikize kwenye waya wa chumba, mweusi kwenye waya wa ardhi. Weka kitasa mia mbili na hamsini, bonyeza, hesabu taratibu mpaka sindano ya kipimo itulie. Ikilala kwenye sifuri, ganda limekufa. Ikipita namba moja, ganda linaishi, rudia kwa mia tano. Ikikimbilia mwisho, kwenye ile nane iliyolala ubavu, hapo usiwe na wasiwasi. Ukiachia kidole usiguse ncha za waya mpaka sindano irudi nyumbani. Waya hubaki na umeme kidogo tumboni baada ya kupimwa.

Ile elfu moja usiiguse. Hiyo ni ya kebo nene kama za huku kwangu, ile inayotoka chumba cha umeme mpaka vyumba vya mwisho. Na kebo hizo hubaki na umeme mwingi, lazima uushushe ardhini kwa waya wa ardhi kabla hujazitia mkono.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: kazi hii haifanywi na mtu peke yake. Mweke Khairat penye swichi kuu. Asiondoke, asiruhusu mtu kuigusa, na likitokea la kutokea awepo wa kupiga kelele. Bila mtu wa kusimama penye swichi, usifanye. Mimi hapa siruhusu fundi yeyote apime bila mwenziwe.

Mkate umesifiwa. Kificho kala vipande vitatu na kikohozi chake. Nyama haikufika usiku.

Haroub


Mkunazini
9 Mei 2024

Baba Amne,

Nimefanya. Khairat alisimama penye swichi kama askari wa bandarini, mikono mgongoni.

Ukumbini sindano ilipita moja, nikarudia kwa mia tano, ikatetereka kidogo kisha ikasimama. Jikoni hivyo hivyo. Chumbani kwetu ilikimbia mpaka kwenye nane yako. Nilifurahi, sijui kwa nini, kama mtu aliyeambiwa mtoto wake kafaulu.

Chumba cha Amne ikalala sifuri. Nikabonyeza tena, ikalala. Nikafuata waya kwa macho: unaingia ndani ya ukuta ule ule wa ukumbini, chini ya pale paa linapovuja. Kumbe siafu walikuwa wakitoka kwake. Nimeuacha waya wake nje ya bodi, ncha nimezifunga kama ulivyonifundisha zamani, na vingine nimevirudisha. Swichi haijizimi tena. Ukuta nimeugusa kwa bisibisi yako, kisha kwa mgongo wa kidole, umenyamaza.

Chumba cha Amne sasa hakina taa. Nimekaa mle mpaka magharibi ikaingia na giza likanikuta kitandani pake. Sikuwa na la kufanya mle, nilikaa tu.

Umeniandikia namna ya kupima kurasa mbili, Baba Amne. Sikumbuki mara ya mwisho uliponiambia maneno mengi namna ile.

Ulfat


Mkunazini
20 Mei 2024

Baba Amne,

Jecha kapita bila jibu. Simu yako inaita, haipokewi. Labda mmeingia kwenye haraka ya kumaliza. Kama nilikosea mahali katika kupima, niambie, sitachukia.

Muslim anayo simu? Nipe namba yake.

Ulfat


Paje
23 Mei 2024

Mama Amne,

Hukukosea. Ulipima vizuri kuliko wengi. Simu ilianguka majini. Samahani kwa mwandiko, naandika juu ya goti, meza wameichukua mafundi rangi. Muslim hana simu kwa sasa.

Sote hatujambo.

Haroub


Mkunazini
27 Mei 2024

Haroub,

Jecha alipoleta barua yako nilimkaribisha kahawa, nikaiweka mbele yake. Mwandiko wako naujua. Hata ukiandika juu ya punda herufi zako husimama wima, na hizi zote zimelala kushoto.

"Mwanangu," nikamwambia, "aliyekupa hii barua kakupa kwa mkono gani?"

Akatazama kikombe. "Wa kushoto, bi."

"Na wa kulia?"

"Umefungwa kitambaa. Kaniambia nisikuambie."

"Na wenziwe walikuwa wapi wakati anaumia?"

Akakiweka kikombe chini. Kisha akasema, "Bi Ulfat, wenziwe gani? Mimi nashusha mboga hoteli ya jirani tangu mwezi wa Januari, pale sijamwona mtu ila yeye. Siku ile nilikwenda kuchukua jibu la barua yako, sikumkuta getini. Nimemkuta kakaa chini mlangoni mwa chumba cha umeme, mkono umeungua vidole viwili, hajui kakaa hapo tangu saa ngapi. Nikataka kumpeleka hospitali, akakataa. Tukaenda zahanati akafungwa, kisha akataka nimrudishe pale pale."

Siku ngapi zimepita, nawe unaniandikia sote hatujambo. Sote nani, Haroub?

Nilitaka kukasirika, nikaanza barua hii kwa hasira, nikaichana. Sina haki hiyo. Mimi pia sina Khairat. Khairat kaolewa Tumbatu kabla ya Ramadhani, na wale wengine waliacha kuja mmoja mmoja, nguo za tayari zimejaa madukani, nani atakaa kujifunza kushona. Ukumbini hamna kelele. Mna mimi na cherehani. Siku ile ya kupima, swichi kuu niliifunga kwa utepe wa kanga, nikaweka kiti mbele yake. Kiti ndicho kilichokuwa askari wa bandarini.

Sikukuambia kwa sababu niliona umepata kazi yenye watu na zogo, nikasema nisiwe mzigo wa kukuvuta nyuma. Siku ulipoondoka nilikufungia nguo haraka haraka. Nilidhani una hamu ya kwenda, sikutaka kujiona nakuchelewesha.

Jecha anakuja Jumamosi. Nitapanda naye. Kama hutaki, andika sasa.

Ulfat


Paje
30 Mei 2024

Ulfat,

Naandika kwa kushoto, kwa hiyo nitasema machache.

Wote waliondoka Januari. Mwenye hoteli kagombana na mshirika wake, kazi ikasimama. Mimi nikaambiwa nibaki nilinde, na kila baada ya muda nipime nyaya, maana chumvi ya hapa inakula ganda la waya hata ukiwa hauna umeme ndani. Asubuhi nafungua madirisha ya vyumba arubaini, jioni nayafunga. Ndiyo kazi. Muslim yuko Dar es Salaam. Kificho sijui aliko. Mkate wako niliula peke yangu wiki nzima, vipande vya mwisho vilikuwa vigumu nikavichovya kwenye chai.

Siku ile nilikuwa napima kebo kubwa kwa elfu moja. Hilo halikuwa kosa, ndiyo nguvu yake. Sindano ilitulia vizuri. Nikaachia, nikaandika kipimo, na badala ya kuchukua waya wa ardhi niishushe kwanza, nilikuwa nafikiri ulivyokaa gizani chumbani kwa Amne. Nikaishika. Kebo ndefu ile ilikuwa bado imeshiba. Ilinitupa mpaka mlangoni.

Nilipozinduka nilitaka kumwambia mtu azime. Kisha nikakumbuka hakuna cha kuzima, na hakuna wa kumwambia. Nilikaa pale. Nilisikia mtu anapita barabarani anaongea na simu, akacheka, akapita. Sikumwita. Sijui kwa nini sikumwita.

Unasema ulinifungia nguo haraka. Mimi niliiona ile mikono yako inavyokwenda, nikasema moyoni, huyu kachoka na mimi, tangu Amne aondoke ananitazama kama mgeni aliyepitisha siku zake. Ndiyo sababu sikusema kwamba wenzangu wameondoka. Ungeniambia rudi, nami nisingejua kama unalitaka hilo au unaona haya tu.

Kebo kubwa wiki hii sijaipima. Nyaya za vyumba pia sijazipima.

Njoo.

Haroub


Mkunazini
14 Juni 2024

Haroub wangu,

Nimefika salama. Jecha alinishusha Darajani, nikatembea. Nyumba ilikuwa na harufu ya unyevu, nimefungua madirisha yote, nikajikuta nayahesabu kama wewe. Kidonda ukioshe kila siku na usikiache wazi, hata kama unaona kimekauka. Huyo mlinzi mpya uliyeahidiwa na mwenye hoteli akija mwisho wa mwezi mkabidhi funguo na uondoke siku hiyo hiyo, usiseme utamzoesha kwanza.

Nataka nikuambie kitu ambacho ana kwa ana kilinishinda.

Siku mbili za kwanza huko nilijuta kuja. Tulikaa kwenye ile veranda ndefu tukitazama watalii wakivutwa baharini na matiara yao, wewe kiti kile, mimi kiti hiki, ukauliza chai, nikasema tayari. Nikasema moyoni, basi ndivyo tulivyo, si Paje wala si Mkunazini, ndivyo tulivyokwisha kuwa. Nilikuwa nshaikunja nguo yangu moja kuiweka mkobani.

Siku ya tatu ukasema tukapime. Ukanisimamisha penye bodi kuu pale mapokezi, ukaniambia nisitoke wala nisiruhusu mtu, kana kwamba kuna mtu. Kebo kubwa tuliipima pamoja, nikakushikia waya wa ardhi mpaka ukaridhika. Kisha ukachukua kipimo kidogo ukaenda vyumbani. Kila chumba ulikuwa ukiniita kutoka huko ndani.

"Ulfat!"

"Labeka."

"Umezima?"

"Nimezima."

"Usiwashe."

"Siwashi."

Kisha chumba kinachofuata, na sauti yako inakwenda mbali zaidi kwenye ule ukumbi mtupu, nami napandisha yangu ikufikie. Tangu Amne azaliwe hujaniita Ulfat kwa sauti. Miaka yote mimi nimekuwa Mama Amne, na Amne yuko Maskati.

Ulikwenda mpaka vyumba vya nyuma, ukawa waniita bado. Umezima? Nimezima. Upo? Nipo. Nikageuka kutafuta maji ya kunywa, nikaona mkoba wa kipimo. Ulikuwa juu ya meza ya mapokezi, umefungwa zipu, na kipimo kimo ndani. Sijui ulipita saa ngapi ukakiweka. Nyaya zote ulikuwa ushazimaliza.

"Ulfat!" ukaita tena, kutoka chumba cha mwisho kabisa.

Sikukuambia kwamba nimeuona. Nilisimama pale pale penye swichi, nikakuitikia, na kila ulipoita nikakuitikia.

Ulfat